Mzee wa Kanisa na Vifaranga wa Mwezi wa Saba

Kikohozi kilikuja kwanza, mwenyewe baadaye. Asubuhi za Jumamosi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya chai, nilikuwa nakisikia upande wa pili wa ua wa michongoma: kikavu, kifupi, chenye adabu. Hakikuwa cha ugonjwa. Ndiyo iliyokuwa hodi yake na salamu yake, na kwa jinsi alivyokohoa niliweza kujua kama vifaranga walilala vizuri.

"Mokamwana," alikuwa akisema huku akiangalia migomba, "umeamka?"

"Nimeamka, Tata."

"Basi chungu kimelala."

Hapo nilijua kazi yangu. Nilichota makaa mekundu jikoni kwa sufuria iliyotoboka, nikapita kwenye mwanya wa ua, nikaenda kuwasha moto wa kuku wa mtu ambaye siku ya Sabato hawashi moto.

Tulimwita Mzee wa Kanisa kwa sababu ndicho alichokuwa. Kanisa la Wasabato lilikuwa bondeni, na karibu kila nyumba ya mlima ule ilishuka huko Jumamosi. Yetu ilikuwa nyumba ya Wakatoliki. Tulitaniwa sana, na sisi hatukukosa majibu. Mimi niliolewa pale Nyamira miaka michache baada ya Uhuru, nikitoka Nyakoe, ambako baridi ipo lakini ina aibu. Kule mlimani haina aibu. Mwezi wa saba ilikuwa inaingia ndani, inaketi, inangoja chai kama jamaa wa mume.

Alikuwa wa ukoo wa mume wangu, rika la baba yake, kwa hiyo kwake mimi nilikuwa mokamwana, yaani mke wa mwana, naye kwangu alikuwa Tata, yaani baba. Baba mkwe kwetu haingii nyumba ya mke wa mwanawe, na hamkazii macho. Adabu hiyo tunaiita ensoni, na Mzee wa Kanisa aliishika kama alivyoshika Sabato. Tuliishi majirani miaka mingi na nadhani aliijua miguu yangu kuliko uso wangu. Tulizungumza ubavu kwa ubavu, ua ukiwa katikati, yeye akiiambia migomba na mimi nikijibu kupitia michongoma.

Kwa muda wote niliomjua, alitaka vitu viwili. Cha kwanza, abaki mzee wa kanisa mpaka azikwe. Cha pili, vifaranga wake wapite mwezi wa saba na wa nane wakiwa hai. Vitu hivyo viwili havikupatana hata kidogo, na maisha yake yote ya ujirani nasi yalikuwa kazi ya kuvisuluhisha.

Usidhani alipenda cheo. Kabla ya kubatizwa alikuwa mlevi, tena si mlevi wa kujificha. Watu wazima wa pale walikumbuka alivyolala mtaroni akiimba, mkewe akija kumfunika gunia ili asife kwa baridi. Alipoacha pombe, kanisa lilimpa ufunguo wa mlango autunze, kisha likampa kazi ya kugawa vitabu vya nyimbo, na mwisho likamfanya mzee. Nilimwuliza siku moja kwa nini anaogopa sana kupoteza kazi isiyo na hata posho.

"Uzee huu ndio ulionisimamisha, mokamwana," alisema. "Wakiutoa, sijui nitaangukia upande gani. Na mtaro bado upo pale pale."

Nilijuta kuuliza. Tangu siku hiyo nilianza kuuchukulia moto wa Jumamosi kama kazi yangu hasa, na si msaada tu wa jirani kwa jirani.

Kuku wenyewe walikuwa wa mkewe. Sikumkuta mama huyo. Alitangulia kabla sijaolewa. Mwanamume wa Kisii ana ng'ombe. Kuku ni wa mama na watoto. Kwa hiyo alipofiwa, wazee walikuja wakamshauri aoe tena, apate mtu wa kuangalia nyumba na kufukuza kuku kwenye wimbi. Aliwasikiliza, akawashukuru, kisha akajenga banda la kuku kubwa kuliko jiko lake. Walimcheka mpaka sokoni. Mmoja alimwuliza mbele ya watu kama ameanza pia kusuka nywele.

"Nywele sijui," alijibu, "lakini mayai unayokula kwa chai yanatoka kwa nani?"

Kuku wa kienyeji hawakumsumbua. Mama yao anawatamia, anawafunika kwa mbawa, na baridi inawapita juu. Shida ilianza alipopenda kuku wa kisasa, wale wekundu wanaotaga bila kupumzika. Hao waliletwa kwa basi kutoka mbali, vifaranga wa siku moja ndani ya boksi lenye matundu, hawana mama wala shangazi. Naye aliwaagiza kila mwaka kwa mwezi wa saba, mwezi mbaya kuliko yote. Tulimwona kama mtu asiye na akili, lakini alikuwa na hesabu yake: kideri, ugonjwa unaofagia kuku, huja na upepo wa kiangazi cha mwaka mpya, na kinapenda kuchukua wadogo. Kifaranga wa mwezi wa saba atakikuta ameshakuwa kuku mzima, ameshachanjwa, ana ubishi wake.

"Baridi nitapigana nayo," alisema. "Kideri hata ukikipigia magoti hakikusikii."

Kibanda cha vifaranga alikizungushia mkeka ndani ukawa duara, usiwe na kona. Kona, alisema, ni kaburi. Wakisikia baridi wanajibanza hapo, wanapandana, na asubuhi unakuta wa chini wamekufa kwa kukosa pumzi. Chini alitandaza maranda ya seremala. Katikati alisimamisha chungu cha makaa yaliyofukiwa majivu, kimezungushiwa mawe ili mjinga asijichome. Maji aliwapa yakiwa vuguvugu. Mtu huyu, ambaye mwenyewe aliogea mtoni alfajiri hata siku ya mvua ya mawe, na ambaye alikula obokima, yaani ugali, wa jana bila kupasha, alitia kidole kwenye maji ya kuku kabla ya kuwapa, kama mama anayeonja maziwa ya mtoto.

Kwa sababu ya ensoni hatukuingia kibandani pamoja. Mimi nikiwa ndani nachochea, yeye alisimama nje akiwa amenipa mgongo, akinifundisha kupitia ukuta.

"Wanalia au wanaongea?"

"Wanapiga kelele, Tata."

"Kelele ziko aina nyingi. Sikiliza. Sauti ni nyembamba, inapanda, haina nafasi ya kupumua?"

"Ndiyo."

"Hiyo ni baridi. Ongeza makaa. Wa njaa analia akitembea. Wa baridi analia amesimama mahali pamoja. Wakinyamaza wote na kukimbilia ukutani wakiachama midomo, umewapika, toa makaa haraka. Ukisikia mnong'ono tu, kama akina mama waliochelewa kanisani, funga mlango uende ukanywe chai."

Nilijifunza hivyo, kwa masikio. Baadaye nilipopata watoto wangu nilijikuta nawasikiliza vivyo hivyo, na wala sikuona haya.

Kanisani alihubiri kuku. Sisi hatukusali nao, lakini habari za mahubiri zilipanda mlima haraka kuliko wahubiri wenyewe. Tulisikia kwamba dhambi ni kicheche: haiingii mlangoni, inatafuta ubao uliolegea. Tulisikia kwamba mcha Mungu hulala kwenye ulingo ule ule kila jioni. Mara moja alihubiri juu ya jogoo aliyemwumbua Petro, akamtetea jogoo mpaka watu wakasahau kumhurumia Petro. Vijana walimwiga sokoni, kikohozi na yote, naye alipita akiwasikia, akawasahihisha pale walipokosea.

Alikuwa na ugeugeu wake, na nitausema, maana angekuwa malaika nisingemkumbuka. Alisema kuku hapewi jina, kwa kuwa huwezi kumchinja mtu mwenye jina. Lakini mimi kwa masikio yangu nilimsikia akimwambia kuku mmoja mweusi, "Mama, sogea, unanizibia mlango." Jumamosi hakuchuma hata jani la mboga ya chinsaga, ila mwewe akitokea juu ya bonde alirusha mawe kwa mikono miwili, suti ya kanisa ikiwa mwilini. Mume wangu alimwuliza kama kurusha mawe si kazi.

"Si kazi," alisema akihema. "Ni hasira. Nitatubu jioni."

Na alikuwa mchoyo wa kitoweo, jamani. Mchungaji alipopanda kumtembelea, heshima inadai kuku, na kila mtu anajua. Mzee wa Kanisa alimletea mgeni ndizi, akamletea maziwa ya kibuyu, akamletea obokima na chinsaga iliyolala kwenye maziwa, akamsimulia habari za kanisa, akaomba sala ndefu. Mchungaji, mtu mpole, alikaa akiangalia uani ambako kitoweo kilikuwa kinatembea. Mwishowe jogoo mmoja alikamatwa. Tulimsikia Mzee wa Kanisa akimwomba jogoo radhi nyuma ya nyumba, na siku ile hakula kitu.

Sasa moto. Mwanzoni kibanda kilikuwa uani kwake. Ijumaa mchana alijaza makaa, akafukia majivu, akaomba, na jua lilipozama hakugusa tena. Makaa yaliishi mpaka asubuhi, yakafa. Ndipo alipokuja kuniomba mara ya kwanza, akiniomba kwa mzunguko wa mbali sana, akianza na hali ya mvua, kisha bei ya pareto, kisha upweke wa vifaranga wasio na mama. Nilikubali kabla hajafika mwisho. Nasi tulipata faida yetu: Jumapili tukienda misa, yeye ndiye aliyebaki akichunga ng'ombe wetu na kufukuza tumbili kwenye mahindi. Jumamosi mimi nilikuwa mikono yake, Jumapili yeye alikuwa macho yetu.

Tuliishi vizuri hivyo mpaka karani wa kanisa alipolifikiria jambo. Karani alikuwa mtu mnyofu, asiye na ubaya wowote, aina ya mtu anayechosha. Alisimama kwenye baraza la kanisa akasema amri iko wazi: si wewe tu usiyefanya kazi siku ya Sabato, bali hata mgeni aliye ndani ya malango yako. Je, mke wa jirani, Mkatoliki, anayechochea moto ndani ya boma la mzee wa kanisa, yumo malangoni au hayumo?

Mzee wa Kanisa alirudi amenyong'onyea. Alikaa kwenye kigogo jioni nzima. Jumapili alikuja kwa mume wangu, wakanong'ona, na siku ya Jumatatu nikaona kibanda kinatembea. Sitanii. Wanaume walikiinua kizima, vifaranga wakiwa kwenye boksi jikoni kwangu, wakakivusha ua na kukiweka upande wetu, ukuta wake ukigusa michongoma. Kuku wakawa wake, moto ukawa wangu, na ardhi ikawa yetu. Yeye alikata tundu kwenye ua, akawa anapenyeza mkono kuwapa wimbi siku za kazi na kuwasikiliza siku ya Sabato.

Kwa mtu wa mbali ni kichekesho tu. Kwa Mkisii, kuweka kibanda chako kwenye shamba la mwenzako ni kesi ya wajukuu. Nao wapimaji wa ardhi walikuwa wanakuja, wakitembea kutoka mpaka hadi mpaka na wazee, na kila mtu usiku alikuwa anaota kigingi. Shemeji zangu walianza kumwuliza mume wangu kama amelogwa. Wapimaji walipofika, Mzee wa Kanisa alikuwa wa kwanza kusimama pale, bila kofia, akasema kwa sauti ya mahubiri, "Kibanda ni changu. Udongo ulio chini yake ni wao, na kuku wakinya, mbolea ni yao." Mpimaji alicheka mpaka akakosa kushika kamba. Mpaka ukapita kwenye michongoma, mahali ulipokuwa siku zote.

Karani alikuja kukagua. Alizunguka kibanda, akaangalia ua, akaangalia mbingu. Hakuona kosa, akashuka zake bondeni. Lakini baraza lilimwachia Mzee wa Kanisa neno moja, na alinieleza mwenyewe: jirani akiwasha kwake, ni kwake. Siku mkono wako ukiwasha moto Sabato, uzee umekwisha.

Mwaka mmoja nilifiwa na shangazi huko Nyakoe, nikakaa matanga. Jumamosi ilinikuta huko. Mume wangu wakati huo alikuwa ameshapata kazi kiwandani Kericho. Nililala nikifikiria maombolezo, na katikati yake, Mungu anisamehe, nikafikiria chungu cha makaa.

Niliyoyakosa nilisimuliwa na watu wengi, kila mmoja na chumvi yake. Moto ulikufa asubuhi. Mvua ilikuwa ile nyembamba ya baridi isiyokwisha. Mzee wa Kanisa alivuka ua, akaingia kibandani, akawasikia. Moto ulikuwapo nyumba ya tatu, angeweza kwenda kuuleta. Hakwenda. Aliwachukua waliokuwa dhaifu zaidi akawatia ndani ya koti lake zito, akafunga vifungo, akashuka kanisani, kwa sababu kubeba vifaranga hakukuandikwa popote na zamu ya kuongoza ilikuwa yake. Katikati ya sala ya kimya, kanisa zima likiwa limeinamisha vichwa, tumbo la mzee wa kanisa likaanza kulia *cii, cii, cii*. Watoto waliangusha viti. Mama mmoja aliniapia kwamba hata karani aliuma kitambaa.

Nilicheka nilipohadithiwa. Kisha nikasogea kwenye ua kumpa pole ya kicheko, nikamkuta ameketi upande wake, penye tundu la kibanda, na kando yake karai lililofunikwa. Wale wa kwenye koti walipona. Wale aliowaacha walikuwa kwenye karai.

"Niliwasikia wakilia mpaka nilipofika mtoni," aliiambia migomba. "Nikaendelea kutembea."

Alikuwa analia, mtu mzima yule, na hakujificha. Nilisimama upande wangu wa ua nikalia pia, nusu kwa ajili ya vifaranga na nusu kwa ajili yake. Ndiyo siku nilipojua kwamba hakuna kitakachomfanya mtu huyu awashe moto Sabato. Kama hakuuwasha siku ile, nilisema, hatauwasha kamwe.

Miaka ikaenda, chai ikapanda mpaka mlangoni mwetu, kikohozi chake kikaanza kuwa kikohozi kweli. Mwezi wa nane mmoja nilijifungua kitindamimba wangu. Watoto wakubwa walikuwa likizo kwa mama yangu Nyakoe. Mume wangu alikuwa Kericho. Wifi yangu ndiye aliyekuwa ananiuguza, lakini Ijumaa aliitwa kwenye msiba Marani, akaniwekea kuni na maji, akaahidi kurudi asubuhi mapema. Mvua ilinyesha, gari likakwama, na asubuhi mapema ikapita bila yeye.

Homa ilinipata alfajiri. Nilijaribu kuinuka kwenda kuchochea moto, miguu ikakataa, nikaanguka tena kitandani. Majivu yalikuwa meupe. Mtoto alilia, nikamnyonyesha, akaacha titi, akalia tena. Nguo zake zilikuwa zimelowa na sikuwa na nguvu ya kufika kwenye nyingine. Nje nilisikia kikohozi.

"Mokamwana. Umeamka?"

Nilijibu, lakini sauti yangu haikufika mbali. Akakohoa tena. Vifaranga walikuwa wanalia kibandani, na mtoto wangu analia ndani, na yeye amesimama katikati ya vilio viwili. Nilijua anasikiliza. Kisha nikasikia viatu vyake, vile vya kanisani, vikipita kwenye mwanya wa ua, vikapita kibanda, vikaja mpaka mlangoni pangu.

"Mtoto huyo hana njaa," alisema kupitia mlango. "Amepoa. Moto uko wapi?"

"Umekufa, Tata."

"Nani yuko nawe?"

"Hakuna mtu."

Nadhani alitazama huku na huko kama kuna mwanamke yeyote wa kumwita, na mlima mzima ulikuwa bondeni ukiimba.

"Jifunike," akasema. "Naingia."

Akaingia kinyumenyume. Mpaka leo nikikumbuka nacheka. Mzee mrefu, suti ya kanisa, tai shingoni, anaingia nyumba ya mke wa mwanawe kwa kutanguliza mgongo, akipapasa ukuta, akagonga mtungi, akauomba radhi mtungi. Alipiga magoti penye mafiga akiwa amenipa mgongo. Chakula chake kilipikwa na wanawake wa ukoo, na makaa ya vifaranga aliyatoa kwenye mioto yao; moto wa jikoni mwenyewe alikuwa hajawahi kuuwasha: aliweka kuni kubwa juu na ndogo chini ya majivu, akapuliza, moshi ukajaa nyumba, akakohoa vikohozi vyote viwili, cha adabu na cha kweli.

"Ndogo kwanza, Tata," nilisema.

"Ee. Ndogo kwanza."

Moto ulishika. Niliuona ukipanda juu ya bega lake. Bila kugeuka alinirushia nguo kavu, moja baada ya nyingine, na ya kwanza ilianguka kwenye ndoo.

"Mvue zote zilizolowa. Mweke kifuani, ngozi yake kwa yako, halafu blanketi juu yenu. Usimwache kichwa nje. Wewe ndiye mbawa."

Kisha akapika uji. Ulikuwa na mabonge ya kutafuna, na chumvi mahali pa sukari. Niliumaliza. Mtoto alinyamaza, na baada ya muda akaanza ule mnong'ono mdogo, na mgongo wa Mzee wa Kanisa ukalegea. Alikaa kwenye kizingiti, ameangalia nje mvua, akiongeza kuni kila moto ulipopungua. Sikumkumbusha siku. Kibandani vifaranga waliendelea kulia na hakuchukua hata kaa moja kuwapelekea.

Wifi yangu alifika adhuhuri ameloa. Alipomwona kwenye kizingiti changu alitupa kikapu.

"Nyasae one, Mungu wangu! Tata ameingia nyumba ya mokamwana! Hiyo ni mbuzi, hiyo lazima mbuzi achinjwe!"

"Mbuzi mtanidai," alisema akiinuka kwa kushika magoti. "Kwanza leta kuni."

Mbuzi alichinjwa, ensoni ikatengenezwa, na nyama tukala. Lakini kanisani hakuna mbuzi. Hakuna mtu aliyemwona. Moshi wa jiko la Mkatoliki siku ya Jumamosi si habari. Jumamosi iliyofuata alisimama mbele mwenyewe akawaambia. Shemeji yake karani ndiye aliyeniletea habari. Walimwomba atubu, yaishe hapo, hata karani aliomba. Akasema Sabato anaijutia, ila kumpasha moto mtoto hawezi kukujutia, na kwamba kanuni waliyoiweka aliisikia kwa masikio yake. Akaweka ufunguo wa kanisa mezani, akaenda kuketi benchi la nyuma.

Wiki hiyo sikumsikia kukohoa. Nilikuwa natembea tayari, mtoto mgongoni, na kila jioni nilisimama karibu na ua nikijifanya nakata majani ya ng'ombe. Nilikuwa naogopa, na niseme ukweli wangu: nilikuwa nanusa hewa. Nilifikiria mtaro. Nilifikiria kwamba mtoto wangu amemgharimu mtu kile kilichomsimamisha.

Ijumaa mchana kikohozi kikaja. Nilisogea mpaka michongoma ikanichoma. Hapakuwa na harufu ya pombe, ila ya makaa na ya kuku. Upande wa pili alikuwa anamimina makaa ndani ya debe, tayari kunipitishia yajaze chungu kabla jua halijazama, kama Ijumaa zote.

"Mokamwana. Nguvu zimerudi?"

"Zimerudi, Tata."

"Mtoto?"

"Analala tu."

"Mbuya, vizuri." Aliigeukia migomba. "Basi kesho asubuhi usichelewe. Unajua mimi Sabato siwashi moto."